Uzio wa kikundi: Nani hubaki nje pembejeo na mikopo inapogawiwa?

MKULIMA mdogo wa Tanzania amekuwa akiambiwa jambo moja na kila mgeni anayefika kijijini: jiungeni katika vikundi. Bwana shamba anasema hivyo, afisa ushirika anasema hivyo, benki na mashirika ya misaada nayo yanasema hivyo hivyo.

Ushauri huo una msingi. Mkulima mmoja mwenye magunia manne ya mahindi hana sauti mbele ya mnunuzi mwenye lori, lakini wakulima 40 wenye magunia 160 wanaweza kukaa naye mezani. Vivyo hivyo, hakuna benki itakayotuma mtu kilomita 30 kufuatilia mkopo wa sh. 200,000.

Swali ambalo halipewi nafasi katika semina hizo ni la upande wa pili. Kadiri huduma zinavyozidi kupitia kwenye vikundi, ndivyo asiye na kikundi anavyozidi kupoteza. Zamani aliyebaki nje alikosa ushirika wa wenzake tu. Leo anakosa mbolea, mafunzo, mkopo na soko kwa mpigo. Je, ni nani hao wanaobaki nje, na ni nani anayeamua?

Mfano mzuri wa kujifunzia uko mkoani Kilimanjaro, na unahusu vocha za pembejeo.

Itakumbukwa kuwa bei ya mbolea katika soko la dunia ilipanda sana mwaka 2008. Serikali ilianzisha mpango wa vocha, ambao baadaye uliungwa mkono na Benki ya Dunia, ili mkulima mdogo wa mahindi au mpunga apate mbegu bora na mbolea ya kupandia na kukuzia ya kutosha eneo la ekari moja. Vocha ililipa takriban nusu ya gharama, na mkulima alitakiwa kujazia nusu iliyobaki kwa fedha taslimu kwa wakala.

Vocha hazikutosha watu wote. Kwa hiyo kila kijiji kilitakiwa kuwa na kamati ya vocha, wanaume watatu na wanawake watatu, ambayo ingeteua wanaostahili. Walengwa walikuwa wenye mashamba yasiyozidi hekta moja ya zao husika, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa kupewa kipaumbele. Kwenye karatasi ni vigumu kuona kasoro. Wanakijiji wanafahamiana, wanajua nani mjane na nani ana ekari 10, kwa hiyo wangechagua vizuri kuliko ofisa aliyeko Dodoma au Dar es Salaam.

Wachumi wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walifuatilia jinsi vocha za mwaka 2009 zilivyogawiwa katika vijiji vya Kilimanjaro, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Waligundua kuwa kiasi cha asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwa viongozi wa vijiji wa kuchaguliwa.

Asilimia 60 si bahati mbaya ya mwenyekiti mmoja mroho. Ni utaratibu. Aidha, watafiti hao walibaini kuwa hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vilivyo mbali na katika vile ambavyo pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho lilikuwa kubwa. Ilipungua pale ambapo vocha zilikuwa nyingi kiasi cha kuwafikia wengi, na pale ambapo wanakijiji waliaminiana.

Ni haki kuwatetea viongozi hao kidogo. Mpango wenyewe uliwaweka njia panda. Uliwataka watafute mkulima mdogo, lakini huyo huyo awe na fedha za kujazia nusu ya bei, tena zikiwa mkononi msimu unapoanza, wakati ambao ghala la maskini huwa tupu. Kamati iliyompa mjane asiye na senti vocha yake ilijua kuwa ama itaoza kwenye kibweta, ama ataiuza kwa bei ya kutupa. Kumpa mwenye uwezo kulionekana ni busara. Na katika kijiji mwenye uwezo, mwenye cheo, na ndugu wa mjumbe wa kamati mara nyingi huwa ni mtu yule yule.

Hata wale wanawake watatu wa kila kamati hawakuwa dawa kamili. Kiti cha mwanamke si lazima kiwe kiti cha mwanamke maskini. Anayepata nafasi ya kuhudhuria vikao vya mchana ni yule ambaye hana kibarua cha kumaliza.

Kinachofanya mfano huu uwe mzito ni kwamba Kilimanjaro si mahali pageni kwa ushirika. Ni miongoni mwa chimbuko lake. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, KNPA, kiliundwa mwaka 1925 kwa sababu ya kubaguliwa. Walowezi wa Kizungu hawakutaka Mwafrika alime kahawa ya arabika, na walishinikiza serikali ya kikoloni imzuie. Walidai kuwa mashamba ya wenyeji yangeeneza magonjwa ya mibuni na kwamba ubora wa kahawa ungeshuka. Wakulima wa mlimani waliungana kulinda haki ya kupanda zao hilo. Mwaka 1933, baada ya sheria ya ushirika ya mwaka uliotangulia, nafasi ya chama hicho ilichukuliwa na KNCU, ambacho bado kipo.

Hapa ndipo historia inapogeuka. Kikundi kilichozaliwa kwa sababu watu walifungiwa nje nacho kilikuwa na uzio wake. Ili uwe mwanachama ulipaswa kuwa na kahawa ya kupeleka. Ili uwe na kahawa ulipaswa kuwa na kihamba. Na kihamba, kwa mila za Wachaga, hurithiwa na mtoto wa kiume, hasa kifungua mimba na kitinda mimba.

Mke alipalilia mibuni, alichuma, alibeba mbolea ya samadi kutoka zizini, lakini jina katika daftari la chama lilikuwa la mume, na malipo yalitoka kwa jina lililo daftarini. Hakuna kifungu cha katiba kilichosema wanawake wasijiunge. Hakikuhitajika. Sharti la kahawa lilimaliza kazi hiyo bila kumtaja mwanamke hata mara moja.

Ubaguzi mwingi wa vikundi hufanya kazi kwa namna hiyo. Ni nadra kukuta katiba inayosema fulani hatakiwi. Kinachokutwa ni kiingilio, dhamana ya shamba, wadhamini wawili, kitambulisho cha mkazi, kikao cha saa nne asubuhi. Kila sharti lina maelezo yake ya kibiashara, na yote yakijumlishwa yanamwacha nje mtu yule yule.

Sheria ilijaribu kurekebisha upande wa ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haitambuliwi. Hata hivyo, daftari la chama na daftari la ukoo hubadilika polepole kuliko gazeti la serikali.

Hasara ya nani?

Baadhi ya wakulima watasema hayo ni mambo ya haki za binadamu, si ya shamba. La hasha, ni ya shamba. Mwaka 1996 mchumi Christopher Udry alichapisha uchunguzi wa mashamba ya Burkina Faso, nchi ambayo mume na mke katika kaya moja hulima vipande tofauti. Alilinganisha vipande vilivyopandwa zao moja, mwaka mmoja, ndani ya kaya moja. Mavuno ya kipande cha mke yalikuwa chini kwa kiasi cha asilimia 30.

Sababu haikuwa uvivu wala ardhi mbovu. Samadi na nguvu kazi zilikwenda kwa wingi kwenye kipande cha mume. Mbolea ya ziada kwenye shamba lililokwisha kushiba huongeza kidogo sana, wakati debe lile lile kwenye shamba lenye njaa lingeongeza mengi. Udry alikadiria kuwa kaya zilipoteza karibu asilimia sita ya mavuno yao kwa mgawanyo huo tu. Mume aliyejipendelea alikuwa anajipunguzia chakula mwenyewe.

Hesabu hiyo inafanana na ya vocha. Mfuko wa urea uliokwenda kwa kiongozi ambaye angenunua mbolea hata bila ruzuku haukuongeza gunia hata moja kijijini. Ulimpunguzia gharama tu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika ripoti yake ya mwaka 2010-11, lilikadiria kuwa wakulima wanawake wakipata pembejeo na huduma sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 hadi 30.

Ikiwa hasara ni kubwa hivyo, kwa nini vikundi vinaendelea kujifungia?

Sehemu ya jibu ni kwamba uzio una faida. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza vyama vya maji ya kumwagilia, malisho na misitu katika nchi nyingi. Katika vile vilivyodumu, jambo la kwanza alilolikuta ni mpaka unaoeleweka: nani ni mwenzetu na nani siye. Kikundi kisicho na mpaka hakiwezi kumdai mtu mchango wala kumtoza faini.

Kwenye mikopo uzio ni mkali zaidi. Utaratibu wa watu watano kudhaminiana, uliopata umaarufu kupitia Benki ya Grameen ya Bangladesh, unamfanya kila mmoja alipe deni la mwenzake akishindwa. Mwaka 1999 mchumi Maitreesh Ghatak alionyesha kwa hesabu kile ambacho akina mama wa sokoni walikuwa wanakijua siku nyingi: watu wakiachiwa wachaguane, aliye salama humchagua aliye salama. Mwenye duka atadhaminiana na mwenye duka. Wenye biashara ya kuyumba hubaki wakitazamana.

Hilo ni jambo la busara kwa mkopeshaji. Tatizo linaanza pale ambapo wanakikundi hawamjui mtu vizuri, na badala ya kumchunguza wanaangalia yeye ni wa kundi gani. Wapangaji huhama usiku. Vijana wa bodaboda hawalipi. Watu wa kuja hawana kwao. Mwenye ulemavu ni wa kusaidiwa, si wa kukopeshwa. Wachumi Kenneth Arrow na Edmund Phelps walieleza tabia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970: mtu anahukumiwa kwa wastani wa kundi lake kwa sababu kumjua yeye binafsi ni gharama.

Ubaya wake ni kwamba hukumu hiyo hujithibitisha yenyewe. Kijana aliyenyimwa mkopo wa mbolea atavuna magunia matatu kwenye ekari ya kukodi, halafu msimu ujao kikundi kitasema, mnaona, huyu hana shamba la maana. Mpangaji aliyekataliwa kila mahali hana kinachomshikilia kijijini, kwa hiyo kweli atahama.

Nyuma ya hayo yote kuna jambo ambalo halina uhusiano na fedha. Henri Tajfel wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule katika makundi mawili kwa kisingizio tu cha picha walizodaiwa kuzipenda, kisha akawapa kazi ya kugawia wengine malipo bila kujigawia wenyewe. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1970, wavulana hao walipendelea kundi lao, na mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo mradi tu tofauti na lile jingine iwe kubwa. Hawakuwa na ukoo, dini wala mpaka wa shamba uliowatenganisha. Vijijini vipo vyote vitatu.

Ndani ya uzio nako

Aliyefanikiwa kuingia asidhani amemaliza. Vikundi vya kuweka na kukopa vya aina ya VICOBA vimefika mahali ambapo benki haijafika, na vimewainua wengi, hasa wanawake. Lakini kanuni inayowahusu wote sawasawa haiwagusi wote sawasawa. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha hivyo.

Chukulia kikundi cha watu 30 ambacho hisa moja ni sh. 2,000, na mwanachama anaruhusiwa kununua hisa moja hadi tano kila wiki. Mfuko wa jamii ni sh. 500 kwa kila mtu kila kikao. Faini ya kuchelewa ni sh. 1,000.

Baada ya wiki 40, mwenye hisa tano kwa wiki ana akiba ya sh. 400,000. Mwenye hisa moja ana sh. 80,000. Mfuko wa jamii umewatoza wote sh. 20,000. Kwa wa kwanza ni sawa na asilimia tano ya akiba yake, kwa wa pili ni robo nzima. Wakichelewa mara nane kila mmoja, faini ya sh. 8,000 ni asilimia mbili kwa yule na asilimia 10 kwa huyu. Na anayechelewa zaidi ni nani? Ni yule aliyekuwa analima kibarua kwenye shamba la mwenzake, pengine la mweka hazina.

Halafu kuna mkopo. Vikundi vingi huruhusu mkopo wa hadi mara tatu ya hisa za mtu, yaani sh. 1,200,000 kwa wa kwanza na sh. 240,000 kwa wa pili. Kwa mama wa genge si tatizo kubwa, kwa kuwa yeye hukopa mwezi wowote. Kwa mkulima ni tatizo, kwa kuwa mvua za masika hazisubiri zamu. Wote wanataka fedha Machi. Iwapo wanachama wote wangechukua mara tatu ya hisa zao siku moja, sanduku lingehitaji kuwa na fedha mara tatu ya zilizomo. Hilo haliwezekani, kwa hiyo lazima wengine wasubiri.

Nani anasubiri? Katika vikundi vingi foleni haikuandikwa popote. Anayeongea kwanza hupata kwanza, na anayeongea kwanza ni mwenye hisa nyingi au mwenye cheo. Mwenye hisa moja hupata fedha Mei, wakati mahindi yake yalihitaji mbolea ya kukuzia yakiwa usawa wa goti. Atalipa ziada ile ile kwa mkopo ambao umemfikia ukiwa umechelewa, na akishindwa kurejesha ataingizwa kwenye orodha ya wasioaminika. Kuanzia hapo hata jirani yake hatamdhamini.

Marekebisho yake hayahitaji mfadhili. Bei ya hisa ipangwe kwa kumwangalia mwanachama wa chini kabisa, kwamba aweze kununua angalau moja kila kikao. Mwenye uwezo atanunua tano. Faini ifuate idadi ya hisa. Foleni ya mikopo ya msimu iandikwe Januari, ipigwe kura, na aliyekuwa wa mwisho mwaka jana awe wa kwanza mwaka huu. Muda wa kikao upangwe na wale wanaokwenda kibarua, si na wale wanaofungua duka saa wanayotaka.

Kuhusu wanaobisha hodi, kikundi kinaweza kumpa mgeni kipindi cha majaribio cha kuweka akiba bila kukopa. Miezi mitatu ya kuweka hisa kila wiki inaeleza zaidi kuhusu mpangaji kuliko kijiji alikotoka. Ni njia rahisi ya kumjua mtu badala ya kundi lake, na kikundi hakiweki hatarini shilingi hata moja.

Umuhimu wa mlango huo umeongezeka katika miaka ya karibuni. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, na ikarejeshwa mwaka 2024. Imekusudiwa watu ambao makundi mengine yaliwaacha, lakini nayo kwa sehemu kubwa hupitia kwenye vikundi vilivyosajiliwa. Mwanamke ambaye wenzake wamemkataa kwa kuwa hana mdhamini hataiona, hata kama halmashauri yake imetenga kila senti inayotakiwa.

Kwa upande wa mbolea, serikali ilichukua njia nyingine iliporejesha ruzuku mwaka 2022. Badala ya kamati kuteua wachache, mkulima anasajiliwa katika daftari la kijiji na kupata namba anayoitumia kununua kwa wakala kwa bei ya ruzuku. Hapa hakuna anayechaguliwa na jirani yake, jambo linaloendana na kile kilichoonekana Kilimanjaro kwamba ruzuku ikiwafikia wengi, mianya ya kujipendelea hupungua. Kilichobaki ni umbali wa kufika kwa wakala, fedha za kulipia bei iliyobaki, na swali la jina gani limeandikwa kwenye daftari pale ambapo mume na mke wanalima shamba moja. Usajili unafanyika kwa mtendaji wa kijiji, na mke anayelima kipande chake mwenyewe aulize kama kimeandikwa kwa jina lake kabla msimu wa kununua haujafunguliwa.